Lampi Mbili za Fundi wa Kabondo

Fundi wetu wa Kabondo, mtaa mmoja wa Kisangani, aliogopa umeme. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolijua juu yake, na watu wengi walimcheka kwa sababu hiyo. Kabla ya kufungua ampli, lile sanduku la kukuza sauti, alivua saa, akavaa buti za mpira hata kama jua lilikuwa kali, kisha akatia mkono wa kushoto katika mfuko wa nyuma wa suruali na kufanya kazi yote kwa mkono wa kulia peke yake. Siku moja nilimuuliza sababu. Alinijibu bila kuinua macho:

— Ukishika na mikono mbili, courant inapita ku moyo. Na mukono moja, inachoma vidole tu. Vidole niko nayo kumi, musicien. Moyo iko moja.

Ampli iliyozimwa ilimtisha kuliko ile inayowaka. Wengine walidhani ukishachomoa waya ukutani basi hatari imekwisha. Yeye alingoja, akanywa chai, akachukua bisibisi yenye mpini mrefu na kugusa mahali fulani ndani ya sanduku huku uso ameugeuza pembeni, kama mtu anayemwamsha mbwa. Mara nyingine cheche ilitoka, na yeye akaruka.

— Unaona? Ilikuwa inalala tu. Haikukufa.

Alitoka wapi, sikupata kujua. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa Maniema, alikuwa Mwislamu, na akikasirika alikasirika kwa Kilingala. Sote tulimwita Fundi, na mke wake tulimwita Mama Fundi. Sikio lake la kushoto halikusikia, naye hakupenda kuulizwa habari zake. Ukiongea naye upande huo alikuacha umalize maneno yako yote, kisha akageuka: "Eh? Unasema nini?"

Mimi wakati ule nilikuwa karani katika kampuni ya usafirishaji karibu na bandari, Makiso, na Jumamosi na Jumapili mchana nilipiga besi katika orchestra moja ya Mangobo. Ampli yangu ilikuwa imeachwa na mfanyabiashara Mgiriki, miaka ile serikali ilipowanyang'anya wageni maduka yao. Ilikuwa ya lampi, yaani zile chupa ndogo za kioo zinazopata moto na kung'aa rangi ya chungwa, ambazo ndizo hukuza sauti. Za mbele, ndogo, hupokea sauti kutoka gitaa. Za nyuma, kubwa, huipa nguvu ya kutoka nje. Zikichoka, sauti huchoka. Na lampi mpya zilikuwa zimekoma kufika Kisangani.

Kwa hiyo Fundi aliziokota. Alizitoa katika redio zilizokufa, katika mashine ya sinema ya misheni iliyoangukiwa na paa, katika vitu ambavyo wenyewe waliviacha wakakimbia. Alizifunga kwa gazeti, akazipanga katika makopo ya maziwa ya unga, na kila moja aliifungia kikaratasi chenye tabia yake. Nilivisoma vile vikaratasi: "mzee", "anakohoa", "mwenye haraka", "mwenye subira". Alizijua kwa kuzigonga taratibu na penseli zikiwa zinawaka. Nyingine zililia kama kengele, hizo alizitenga. Nyingine zilinyamaza.

Mara ya kwanza nilipompelekea ampli, noti za chini zilikuwa zinapasuka. Nilitaka azirekebishe tu. Yeye aliweka kiganja chake ubavuni mwa sanduku, akaniambia nipige, akasikiliza kwa mkono muda mrefu.

— Unataka iongee namna gani?

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo. Nilifikiri, nikamwambia: kama mtumbwi unapogusa ukingo. Dum, halafu kimya.

— Bon. Donc unataka mwanzo mufupi na mwisho safi.

Akachomoa lampi ndogo ya mbele na kutia nyingine kutoka kopo la "wenye subira". Nikapiga. Mpasuko ukaondoka. Sauti ikapungua kidogo, lakini ikapata mwili, na kila noti ikasimama mahali pake. Nilicheka kwa furaha. Yeye hakucheka.

— Lampi ya kwanza njo inasikia habari mbele ya wengine, alisema. Kama yeye anaongeza, wote wa nyuma banaongeza. Ile ya mwanzo ilikuwa inajibu mbele ya kuulizwa.

Kisha akatazama barabarani, kama aliyeogopa kwamba amesema jambo kubwa kuliko lampi.

Ndivyo alivyokuwa. Alivaa beji ya Chama, kile kimoja tu cha nchi, hata alipokwenda kununua chumvi. Yeyote aliyemuuliza jambo barabarani, Fundi alimdanganya, bila sababu yoyote. Ukimkuta anatoka mtoni alikwambia anatoka msikitini. Akiwa amekula samaki alisema amekula maharage. Nilipomshangaa alisema: "Mutu anakuuliza bure, umujibu bure." Lakini juu ya lampi, ila mara moja, sikuwahi kumsikia akisema uongo. Mpiga solo wetu alikwenda kwake akitaka ampli yake ipige kelele zaidi, Fundi akamrudisha nayo mikononi: "Haigonjwe. Ni weye unagonjwa." Na mtu huyohuyo mkali, Mama Fundi alipoleta lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, alitenga kichwa cha samaki akampa mteja aliyekuwepo, awe nani awe nani, na hakuanza kula mpaka mteja ameanza.

Muziki hakuupenda. Alisema kwake ni makelele yanayopita ndani ya lampi, na kwamba akistaafu atakaa mahali pasipo na waya hata mmoja. Nilimwamini, mpaka siku niliyomkuta amefumba macho na kiganja chake kiko juu ya ampli yangu, nami nilikuwa nimeacha kupiga zamani.

Sasa nieleze habari ya ule mwaka, ambayo ndiyo inanifanya niandike.

Tuliambiwa kwamba mkubwa mmoja anakuja kutoka Kinshasa, na kwamba orchestra yetu itapiga mbele yake uwanjani, baada ya hotuba. Haikuwa ombi. Chef wetu wa orchestra alirudi kutoka mkutano na jasho mgongoni, akatuambia maneno machache: "Siku ile hakuna kukosea. Ampli ikikufa, batasema ni sabotage." Alinitazama mimi, kwa sababu yangu ndiyo ilikuwa nzee kuliko zote. Lampi moja ya nyuma ilikuwa imeanza kuwa nyekundu tumboni, dalili mbaya, na mara mbili sauti ilikuwa imezama katikati ya wimbo.

Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, nilitoka kazini bila kuaga, nikapakia ampli juu ya kigari cha pousse-pousse, nikaifunika gunia kwa ajili ya mvua, nikaisukuma mwenyewe hadi Kabondo. Nilifika baada ya swala ya adhuhuri. Ng'ambo ya barabara, fundi cherehani wa mtaa alikuwa barazani mwake kama kawaida, mguu juu ya mashine, macho juu ya wapita njia.

Ndani, juu ya meza ya Fundi, kulikuwa na ampli nyingine, kubwa, ya kijivu. Ilikuwa ya ofisi ya Chama, ile ya hotuba. Walikuwa wamemletea aipanguse na kuiangalia kabla ya sherehe. Alinionyesha lampi zake nne za nyuma, aina ileile ya mbili zangu, lakini mpya, vioo vyake bado vinang'aa.

— Angalia, alisema kwa sauti ya chini. Hizi hazijafanya kazi hata mwezi.

Kisha akaniomba nikamsaidie Mama kuteka maji, kwa kuwa bomba la nyumbani lilikuwa limekauka. Tulikwenda na ndoo hadi kisimani, tukasubiri zamu, tukarudi. Nilipoingia, ampli yangu ilikuwa imeshafungwa.

— Piga.

Nilipiga noti moja tu. Vikombe vya Mama vilitetemeka kabatini. Ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuipata na sijaipata tena: pana, tulivu, isiyo na haraka, yenye kina mpaka nikahisi uzito wake kifuani. Nilimuuliza amefanya nini.

— Nimepangusa.

Nilimwamini. Nilikuwa na hofu nyingi mno ya Jumamosi, sikutaka kuuliza zaidi. Nikaifunika ampli kwa gunia, nikaondoka nayo.

Jumamosi uwanja ulijaa tangu asubuhi. Shule zote zilikuwepo, na wafanyakazi wa ofisi ndani ya abacost zao, zile suti zisizo na tai, na akina mama wa animation, waimbaji wa sifa za Chama, waliovaa vitambaa vyenye picha. Mkubwa alianza kusema jua likiwa kali. Kwa muda sauti yake ilitoka vizuri. Kisha ikaanza kukwaruza. Ikapungua. Midomo yake ilikuwa ikienda, na kutoka katika vipaza sauti kulisikika mtu aliye mbali, anayeongea ndani ya mtungi. Watu waliokuwa karibu nami walitazamana. Tupige makofi au tusipige? Halafu kikasikika kishindo kidogo, na kimya. Harufu ya kuungua ikafika hadi tulipokuwa sisi wapiga muziki.

Mkubwa aliendelea kidogo bila sauti, akanyamaza, akaketi. Mtu fulani akakimbia kwetu akatuambia tupige, haraka, tupige! Tukapiga. Na besi yangu ikaujaza uwanja ule wote. Katika maisha yangu sikuwahi kupiga vizuri kama siku ile.

Jumapili watu wa usalama walimchukua Fundi.

Nilisikia habari hiyo kazini Jumatatu. Niliporudi nyumbani nilifunga mlango, nikafungua mgongo wa ampli. Lampi zangu mbili za nyuma zilikuwa mpya. Chini ya kila moja palikuwa na nambari ndogo iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, kama nambari zinazoandikwa juu ya viti na meza za serikali. Nilikaa sakafuni. Fundi alikuwa amechukua lampi mbili za Chama akanipa mimi, na mbili zangu zilizochoka akazitia katika ampli ya hotuba.

Jumanne Mama Fundi alikuja kwangu. Hakukaa. Alikuwa ameirudia habari yake kichwani njia nzima, akaisema upesi.

— Fundi cherehani amewaambia kwamba Alhamisi aliona mutu asiyemujua jina, aliingia na gunia na akatoka na gunia. Banasema huyo mutu ametumwa na maadui, akalipa mume wangu aharibu ampli. Mume wangu amewaambia: hapana, ile ilikuwa musicien, alileta ampli yake. Sasa batakuja kukuuliza. Useme tu ni weye. Kitu ingine usiseme. Kupeleka ampli kwa fundi haiko kosa.

— Ndiyo, Mama, nilisema. Nitasema.

— Unaniahidi?

— Ninakuahidi.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda.

Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo. Nikisema nilikuwa pale, watataka kuiona ampli. Wakiiona, wataifungua. Wakiifungua, watasoma nambari. Nilijaribu kukwangua rangi kwa wembe, nikaogopa kuvunja kioo, nikaogopa pia kwamba alama ya kukwangua itasema zaidi kuliko nambari yenyewe. Mwishowe nilizichomoa zote mbili, nikazifunga kwa kitambaa, nikazitumbukiza chooni. Nilisikia zikianguka. Nikasimama pale muda mrefu kama mjinga, nikisikiliza.

Alhamisi walikuja ofisini kwangu watu wawili, wastaarabu sana. Mmoja alikuwa na daftari. Mwenye daftari aliniuliza:

— Citoyen, unamjua fundi wa redio wa Kabondo?

— Ninamjua kidogo. Watu wote wanamjua.

— Alhamisi iliyopita, mchana, ulikuwa kwake?

Lampi zilikuwa zimekwisha kuzama. Hapakuwa na kitu tena cha kuonekana. Ningeweza kusema ndiyo. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi sana: ningeweza kusema ndiyo. Lakini ampli yangu ilikuwa nyumbani na nafasi mbili tupu mgongoni, nami niliyaona macho ya yule mtu yakiniangalia koo.

— Hapana, nilisema. Nilikuwa hapa kazini.

Aliandika. Akanipa nisome, akanipa kalamu, nikatia sahihi. Walinishukuru.

Kwa hiyo mtu mwenye gunia alibaki mtu asiyejulikana, na Fundi akawa mtu aliyesema uongo ili kumficha. Walimkalisha ndani msimu mzima wa mvua. Alipotoka alikuwa amekonda, na kidole kimoja cha mkono wa kulia hakikukunjika tena. Hakugusa ampli. Alitengeneza pasi na tochi. Mtaa uliacha kumsalimu kwa sauti, kwa sababu kumsalimu kulikuwa hatari, na baadaye kwa mazoea. Mimi nilipata lampi nyingine mbovu kwa watu, nikaendelea kupiga. Chef wetu aliniuliza: "Ile sauti yako iliendea wapi?" Nikasema ni unyevu. Ikapita miaka. Kila nilipokuwa na safari ya Kabondo nilizunguka kwa njia ya mbali, na niliposikia pikipiki ikisimama karibu na nyumba yangu, nilizima taa.

Nilimwona tena siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, Jumamosi asubuhi. Mitaa kadhaa ilikusanywa kuzibua mfereji mmoja, na msimamizi alitupanga wawiliwawili, mwenye koleo na mwenye ndoo. Nilipoinua kichwa kumwona niliyepangwa naye, alikuwa yeye. Mvi zilikuwa zimemjaa. Alinitazama, akasogea hadi nikawa upande wa sikio lake la kulia.

— Jaza, alisema.

Nikachimba. Yeye akabeba. Tulifanya hivyo mara kumi, kumi na tano. Msimamizi alipokwenda mbali kidogo nikasema:

— Papa, mimi ndiye niliye...

— Minajua. Balinisomea.

— Walikusomea?

— Karatasi yako. Na sahihi. Mara ya kwanza nilisema ni uongo wao, musicien hawezi. Mara ya pili nikaangalia sahihi muzuri.

Tope lilikuwa likinuka. Alipumua, akashusha ndoo.

— Unafikiri nilikupa zile lampi juu ninakupenda?

Nikatia koleo topeni.

— Niliogopa. Nilihesabu hivi: ampli ya hotuba iko na lampi ine, mbili mubovu itazibeba. Yako iko na mbili tu, ikikufa uwanjani batauliza nani aliitengeneza. Batakuja kwangu. Donc nilifanya vile ili basije kwangu. Nilihesabu mubaya. Hotuba ilikuwa mirefu.

Nusu ya kicheko ilimtoka, akaimeza, maana msimamizi alikuwa anarudi. Nikachimba tena. Nilimwomba msamaha nikiwa nimeinama, nikiliambia koleo.

— Mimi usiniombe, alisema. Mimi niliogopa, weye uliogopa. Ni Mama njo uliahidi.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwao. Njia nzima nilitafuta sababu ya kurudi. Mama Fundi alikuwa sebuleni anakatakata sombe, majani ya muhogo, bakuli liko mapajani. Fundi alikuwa kwenye mkeka. Mama alinitambua, akaendelea kukata.

— Mama, nimekuja kusema lile nililokuahidi.

— Sema.

— Alhamisi ile, mtu mwenye gunia alikuwa mimi. Nilileta ampli yangu. Hapakuwa na mtu mwingine.

Kisu kilisimama.

— Sema tena.

Nikasema tena. Akaweka bakuli chini, akapangusa mikono, akatoka hadi kizingitini, akaita kwa sauti kubwa:

— Papa tailleur! Ukuye hapa!

Fundi aliinuka nusu.

— Mama, achana naye. Yule iko anasema kila kitu. Funga mulango.

— Hapana. Ibaki wazi.

Fundi cherehani alivuka barabara polepole, futi ya kitambaa ikining'inia shingoni. Naye alikuwa amezeeka, lakini macho yake yalikuwa yaleyale. Nyuma yake wanawake wawili waliokuwa wanapita na beseni walisimama. Nilijua kwamba nitakalosema hapa litafika mbali kabla ya jioni, huenda katika daftari jingine.

— Mwambie, Mama alisema.

— Papa, nilisema, mtu uliyemwona mwenye gunia, mwaka ule, alikuwa mimi. Niliulizwa nikakataa. Nilitia sahihi.

Fundi cherehani alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kama anayenipima nguo. Kisha akamgeukia Mama, akafungua mikono.

— Mimi nilisema tu nimeona mutu. Sikusema uongo.

— Hapana, Mama Fundi alisema. Uongo haikukuwa ya weye.

Akarudi kwenye bakuli lake, akalichukua, na kwa mguu akanisogezea kiti. Nikakaa.